Kambini Sufuria Moja Yatosha

Kila tukipanga kwenda kambi, ndugu zangu huanza na nyama ya kuchoma: nani atabeba wavu, nani atanunua makaa, nani atasimamia moto. Mimi huanza na sufuria. Nina imani hii tangu zamani na kila safari inaizidishia nguvu. Mtu aliye mbali na bomba lake na friji yake, ana watoto wanaokimbia huku na huku na maji ya kuhesabu, chakula kinachomfaa zaidi ni cha kuchemsha. Moto wake ni mdogo. Hakuna mafuta ya kuruka wala karai la kupinduka. Maji yakitokota sawasawa kwa dakika 1 tu, vijidudu vya maradhi vilivyo majini vimekufa, na chakula kinaiva humohumo. Tena ni kitamu, mradi mpishi ajue nini kinatangulia na nini kinafuata. Hilo la kutangulia na kufuata ndilo nililochukua muda kulielewa, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Nakaa Likoni, Mombasa, kwa hiyo kambi zetu huelekea kusini. Mara nyingi ni ufuoni, Tiwi au Msambweni. Mara nyingine tunakata kulia pale Kombani tukapanda Kwale hadi hifadhi ya Shimba Hills. Huenda kina mama wawili watatu, watoto wetu, na vijana wa mtaa wanaopenda kutembea. Mapishi ni yangu.

Kabla ya chakula chochote, mimi huuliza maji. Nyanya yangu mzaa mama aliishi Tiwi, na kisima chake kilichimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kama visima vingi vya ukanda ule. Maji yake yalikuwa meupe, ya baridi, mazuri kwa macho. Lakini kunde zikitiwa humo zingetokota kutoka adhuhuri hadi alasiri na bado zikagonga jino. Nikiwa msichana mdogo nilimuuliza sababu.

"Nyanya, mbona kunde hizi haziivi?"

"Na hazitaiva, mwanangu. Maji haya yana chokaa. Kamwage mbatata humo, kunde zitafutie maji matamu."

Alikuwa na njia yake ya kuyapima. Alichota kidogo kwenye kata, akasugua sabuni ya kipande. Povu likishika, maji hayo yalikwenda kwenye kunde, na likikataa na kubaki utando wa kijivu, yalikwenda kwenye mbatata na kufulia. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikuwa sahihi kwa kila upande. Madini ya chokaa yaliyoyeyuka katika maji hushikamana na kuta za punje na kuzifanya zisilainike. Kwa kunde na maharagwe hiyo ni taabu. Kwa mbatata ni faida, maana kiazi hushikana na hakipasukipasuki sufuriani. Ndiyo sababu hadi leo nikienda Tiwi nabeba dumu moja la maji matamu kutoka nyumbani, na dumu hilo haligusi mtu isipokuwa kwa kunywa na kwa nafaka za jamii ya kunde. Kwa dharura nina magadi, punje ya kiasi cha ncha ya kisu. Yakizidi hapo chakula kinanuka sabuni na rangi inaharibika.

Fundisho la pili la Nyanya lilikuwa ndimu mwisho. Ndimu, ukwaju, embe bichi, hata tungule (nyanya za kupikia): vyote vina uchachu, na uchachu unafanya kazi ileile ya chokaa. Ukivitia mapema, maharagwe yatakaa magumu hata ukeshe nayo. Subiri kitu kiive hadi ukikibinya kwa vidole viwili kinalainika chote, ndipo utie. Nimewaona wapishi hodari wa mjini wakihangaika kambini kwa jambo hili moja tu, kwa sababu nyumbani jiko la gesi na sufuria ya presha huwafichia.

Maharagwe mekundu yenyewe siyapeleki kambini tena, na nataka kusema wazi kwa nini. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha vibaya. Dawa yake inajulikana: yaloweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, tia mengine, kisha yachemshe kwa nguvu. Dakika 10 za kutokota kweli huivunja sumu, na mimi nyumbani napeleka 30 bila kuhesabu muda wa kuivisha. Shida ni kwamba moto wa kambi hupanda na kushuka. Maharagwe yakikaa kwenye joto la chini bila kuchemka, sumu yaweza hata kuzidi. Sitaki kuchezea hapo nikiwa na watoto wa wenzangu.

Pojo, zile ndengu za kijani, ndizo rafiki wa kambi. Hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika 30 hadi 45 kwenye maji matamu, na zikichanganywa na mchele unapata mseto, chakula ambacho kila nyumba ya Mombasa inakijua na ambacho kwa bahati mbaya wengi wanakihesabu kuwa cha mgonjwa au cha mwisho wa mwezi. Mseto wa kambini hauna mfano wake. Mimi hutia kikombe 1 cha pojo, nikishazichambua mchana kwenye ungo maana usiku changarawe haionekani, na vikombe 6 au 7 vya maji. Zikianza kupasuka ganda na maji kugeuka ya kijani kibichi, natia vikombe 2 vya mchele uliooshwa, kitunguu kilichokatwa vipande vikubwa, kitunguu saumu na chumvi. Moto unashushwa. Hapo mwiko haupumziki, kwa sababu mseto ukishaanza kuwa mzito hushika chini haraka. Utausikia kabla hujauona: mlio wa maji unabadilika kutoka kuchekacheka hadi kupumua, pu, pu, na vitundu vinafunguka juu na kujifunga. Huo ndio wakati wa tui. Tui jepesi kwanza likauke, kisha kasimile, lile tui zito, na kuanzia hapo kifuniko hakirudi mpaka sufuria itoke motoni. Tui likifunikwa na kuchemshwa kwa fujo hukatika, mafuta yanajitenga, na utamu wake wote umepotea. Koroga taratibu upande mmoja, epua. Ndimu na pilipili kila mtu atajitilia kwenye sahani.

Mbuzi ya kukunia nazi nabeba, ndiyo. Ni nzito, lakini watoto hupigania zamu ya kukuna, na vifuu vinavyobaki ndivyo kuni zangu za kwanza.

Kuhusu moto nina mengi ya kusema. Likizo ya Agosti huangukia katikati ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, na kusi ufuoni halina huruma na jiko. Moto ulio wazi hupulizwa kando ya sufuria, ukaunguza mchanga na kuacha maji yakiwa vuguvugu. Tunachimba shimo la kina cha shibiri moja na nusu, mchanga tunaurundika upande wa bahari uwe ukuta, kisha tunaweka kigoda cha nondo chenye miguu mitatu ambacho fundi wa kuchomelea alinitengenezea. Zamani tulitumia mafiga ya mawe tuliyoyaokota palepale, hadi mvuvi mmoja mzee wa Msambweni alipotukataza. Jiwe la ufuoni ni tumbawe, lina vitundu, na vitundu vimejaa maji. Likipata moto, maji yanageuka mvuke na hayana pa kutokea. Jiwe linaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Alituonyesha mguuni mwake kovu alilolipata hivyo.

Kuni nazo zina mpangilio. Vifuu huwaka kwa ukali na kwisha upesi, kwa hiyo ni vya kuchemshia maji. Maji yakishatokota, unahamia vijiti vya mvinje vilivyoanguka vyenyewe, ambavyo hushika taratibu na kuacha makaa mazuri. Makumbi hayapiki, lakini ukiyaacha yafuke upande unakotoka upepo, mbu hupungua. Mikoko haikatwi, na magogo yaliyosukumwa na bahari siyatumii: chumvi iliyoingia ndani ya mbao hufanya moshi wake uwe mkali na mbaya kwa kifua. Na jambo moja ambalo vijana hawaliamini mpaka waone: maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuliko yanayotokota polepole. Yote ni digrii 100 hapa ufuoni. Kuongeza kuni baada ya kuchemka ni kuzitupa.

Watu huuliza sana habari ya kupikia maji ya bahari, ili kuokoa yale matamu. Inawezekana, kwa kipimo. Lita 1 ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, kiasi ambacho hakuna kiazi kitakachokistahimili. Nachanganya kikombe 1 cha bahari na vikombe 3 vya maji ya kisima, na hapo mbatata, mahindi au ndizi mbichi hutoka na chumvi ya kutosha bila kuongezwa kitu. Nachota mbali na mji, mbali na mdomo wa mto, maji yakiwa yamejaa na masafi. Karibu na kisiwa cha Mombasa sithubutu.

Muhogo ndio malkia wa kambi ya pwani, lakini unataka heshima. Nanunua kando ya barabara asubuhi ya safari, kamwe si siku iliyotangulia, kwa sababu ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku 1 hadi 3. Nachagua usio na michubuko na namwomba muuzaji auvunje mmoja mbele yangu. Ukivunjika kwa mlio mkavu na ndani ni mweupe kama chaki, naununua. Ukiwa na michirizi ya buluu au nyeusi, nauacha. Naye muuzaji hukata kipande chembamba, anakiweka kwenye ncha ya ulimi na kukitema: mchungu hauuzwi kwa kuchemsha. Uchungu huo ni dalili ya sumu ambayo muhogo huitengeneza wenyewe, na nyingi yake iko kwenye ganda. Kwa hiyo maganda yanaondoka yote mawili, lile jembamba la kahawia na lile nene la waridi chini yake. Nakata vipande vya urefu wa kidole, napasua katikati na kuuchomoa ule uzi mgumu, naloweka huku tukisimamisha mahema, namwaga, natia maji mapya. Sufuria ya muhogo haifunikwi. Sumu hiyo hutoka na mvuke, na kifuniko huirudisha ndani. Maji ya kuchemshia hayafanywi mchuzi, yanamwagwa. Baada ya hapo tu ndipo tui, au chumvi, pilipili na ndimu kama wanavyoupaka wale wauzaji wa Lighthouse mjini Mombasa, ingawa wa kwao ni wa kuchoma na kukaanga.

Mahindi mabichi nayachemsha na majani yake ya ndani, siku hiyohiyo yalipovunjwa. Sukari ya hindi hugeuka wanga kadiri linavyokaa, na hakuna upishi wa kuirudisha.

Yule mzee wa Msambweni ndiye aliyenifunza pweza. Alitujia jioni moja na pweza wawili begani, akauliza nani mpishi. Nikamwambia, "Ni mimi, mzee wangu, shikamoo." Akaitikia, akaniangalia nikijaza sufuria maji, akainyanyua na kuyamwaga yote.

"Pweza ana maji yake," alisema. "Wewe mpe moto tu."

Alimpiga kwenye mwamba mpaka mikono ikalegea kabisa na kutoa povu, akamsugua kwa mchanga na chumvi, akamwosha mpaka ute ukaisha. Tukamweka kwenye sufuria kavu, na vijiko viwili tu vya maji chini asishike, tukafunika, moto mdogo. Baada ya muda mfupi alikuwa amekunjamana na kuogelea katika maji yake mwenyewe, mekundu ya zambarau, yanayonukia bahari. Hakutiwa chumvi. Mzee alimchoma kwa mwiba wa mchongoma pale mkono unapokutana na kichwa, akamchoma tena, akamchoma tena, mpaka mwiba ukaingia bila kusukumwa. Ilichukua karibu saa nzima. Maji yale ndiyo supu, na watu wazima waliyagombea. Ndimu iliingia kikombeni. Tangu siku hiyo nimeacha kujaza sufuria maji kwa mazoea. Kila kitu nakiuliza kwanza kina maji yake kiasi gani.

Mayai hayanipi shughuli. Nayasafirisha mabichi, nimeyazika ndani ya debe la mchele yasigongane, na nachemsha yale tutakayokula saa hiyo, dakika 10 tangu maji yatokote. Yai la siku kadhaa humenyeka vizuri kuliko la leo. Yaliyochemshwa siyaweki kwa kesho, joto letu haliruhusu.

Kuna ujanja mmoja ambao umenipunguzia kuni nusu nzima. Sufuria iliyojaa, yenye kifuniko kinachobana, ikishatokota vizuri kwa dakika 15 naiepua na kuifunga haraka kwa kanga mbili, kisha blanketi zito, naiweka ndani ya kikapu cha ukindu. Pojo, wali, mbatata, ndizi, vyote huendelea kuiva humo vyenyewe wakati sisi tuko majini. Sharti ni kwamba nikifungua iwe bado inachoma mkono. Ikiwa vuguvugu, inarudi motoni hadi itokote tena kabla ya mtu kula. Muhogo na maharagwe mekundu hayaingii kikapuni, kwa sababu nilizozieleza.

Na wali uliobaki? Nyumbani kiporo ni kitu cha kupendeza, kambini nakikataza. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la Mombasa mbegu hizo huchipuka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka uungue. Zaidi ya saa 2 nje, wali huo si chakula. Nimejizoesha kupika kidogo, mara nyingi.

Tulipokwenda Taita nilikutana na jambo jingine. Tulipiga kambi karibu na Wundanyi, mwinuko wa mita kama 1,400, na mbatata nilizozizoea kuiva kwa dakika 20 zilikuwa bado ngumu katikati. Maji yalikuwa yanatokota kwa furaha kabisa. Mwenyeji wetu, mama wa Kitaita, alicheka kidogo akasema watu wa bahari wote hushangaa hapo. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema, karibu digrii 1 kwa kila mita 300, kwa hiyo pale yalikuwa kwenye 95 na kitu. Hakuna cha kufanya isipokuwa kufunika vizuri, kukata vipande vidogo na kuongeza muda. Shimba Hills haifiki huko, ni mita 400 na kitu, na tofauti yake huioni sufuriani.

Shimba Hills ina mtihani wake wa aina nyingine: nyani. Sufuria inayopoa haiachwi peke yake, maganda ya ndizi na matunda hayalali nje, na moto unawashwa mahali palipotengwa tu. Chupa za plastiki za kutupwa pia haziruhusiwi hifadhini wala ufuoni tangu 5 Juni 2020, kwa hiyo maji ni ya dumu na kila mtoto ana kikombe chake cha bati. Tena pale ndipo mahali pekee Kenya pa kumwona palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, na nisingependa watoto wetu wamkute akinusa taka zetu.

Mvua ikinyesha usiku, jiko la makaa haliingii hemani. Silegezi hapo hata mtu akinililia baridi. Hewa ya makaa haina harufu, haiwashi macho, na inaua watu wamelala. Tunakula mkate na ndizi mbivu, tunasubiri kupambazuke.

Asubuhi ya kuondoka, maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo ndiyo ya kuzimia moto. Watu wengi hufukia makaa kwa mchanga na kudhani wamezima. Mchanga huyafunika tu yasionekane, chini yanakaa na moto kwa saa nyingi, na ufuo wa Tiwi ni wa watoto wanaokimbia miguu mitupu. Mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena, kisha weka kiganja juu. Ikiwa mkono wako unaweza kukaa hapo bila kuondolewa, fukia shimo.